Motere Ikitikisika, Uliza Kwanza Kabla ya Kufungua Sanduku



Katika kikundi chetu cha likelemba hakuna hata mama mmoja mwenye gari, lakini kila mwezi gari inakula feza zetu. Mpunga wetu, mawese na mihogo mikavu vinauzwa Kindu. Njia ya kuvifikisha ni mtumbwi wa motere kupanda mto Lualaba, au baiskeli za vijana, au Toyota Hilux ya shemeji yangu, mkubwa wa mume wangu. Mtumbwi unachelewa, baiskeli inabeba kidogo. Kwa hiyo Hilux ile ikiugua, sisi ndio tunaokaa na magunia nyumbani, na panya wanafurahi.

Nitaandika juu ya ugonjwa wake mmoja tu, kutikisika kwa motere. Mimi ni mwalimu. Nilipata diploma yangu kwenye ISP ya Kindu na huko hawakunifundisha kufungua bulo hata moja. Lakini jambo hili lilifika mpaka kwenye sanduku letu la akiba, nikawa mwandishi wa mikutano yote mitatu, na yale niliyoyaona naona yanaweza kumsaidia mama mwingine ambaye ataombwa feza kwa ajili ya mashini, iwe ya gari, ya pikipiki, ya kusaga au ya mtumbwi.

Gari yenyewe ni ya zamani. Ilitoka kiwandani nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Inatumia esanse, ina silinda nne na karibiratere, mambo ambayo mafundi wetu wanayajua. Mwanzoni mwa kiangazi ilianza kutetemeka kidogo. Baadaye mkono wa vitesi ukawa unacheza wenyewe, kioo cha pembeni kikaanguka njiani, na shofere akafunga betri kwa kamba kwa sababu bulo zake zilikuwa zinajilegeza kila safari. Shemeji akaipeleka kwenye garaji moja ya Kindu. Wakafungua kapo, wakasikiliza kwa muda wa kunywa chai, wakamwambia motere imekufa na atafute ya okazyo kwa dola 900.

Yeye alikuwa na 300. Akaja kwetu kuomba 600, atulipe kwa kubeba mizigo yetu.

Sanduku lilikuwa na dola 740. Feza ile ilikuwa na kazi yake tayari. Ni kweli tangu 2019 shule ya msingi ya serikali hailipishwi, lakini secondaire inalipishwa, na sisi tunagawana mwishoni mwa Agosti ili Septemba watoto wakubwa waingie darasani. Wamama saba kati yetu walikuwa na watoto wa secondaire. Kumpa shemeji 600 maana yake watoto wale wangebaki nyumbani mpaka mpunga urudishe deni. Kumnyima maana yake mpunga wenyewe ungebaki Lokandu. Mtaelewa kwa nini mkutano wa kwanza ulikuwa na makelele.

Mama mweka hazina wetu hakupiga kelele. Yeye na marehemu mume wake walikuwa na mashini ya kusaga kwa miaka mingi, na sikio lake limezoea vyuma. Alimwita shofere, akamuuliza: “Mwanangu, gari inatikisika wakati gani?”

“Wakati wote, mama.”

“Hakuna wakati wote. Ikisimama, motere ikiwa inawaka, inatikisika?”

“Ndiyo, hapo ndipo sana.”

“Ukikanyaga esanse bila kuingiza vitesi?”

“Inapungua kidogo.”

“Na ukiwa mbioni?”

Shofere akacheka, kwa sababu kwenye barabara yetu mbio ni neno kubwa. Akasema kwamba ikishika mwendo mzuri haisumbui sana, lakini kila mara akitaka kuondoka, gari nzima inaruka kama mbuzi aliyekatazwa kupita.

Maswali yale matatu naomba myaandike kwenye daftari. Gari inayotikisika ikiwa imesimama, shida yake iko kwenye motere au kwenye vile vinavyoishikilia. Gari iliyotulia ikisimama, halafu inatikisika ikifika mwendo fulani tu, hiyo mtaitafutia kwenye magurudumu, au kwenye ule mti mrefu wa chuma unaopeleka nguvu nyuma. Ikitikisika unapokanyaga freni tu, ni mambo ya freni. Hakuna bulo iliyofunguliwa, hakuna franka iliyotoka, na tayari nusu ya gari imeshaondolewa kwenye mashaka. Yetu ilikuwa inatikisika imesimama, kwa hiyo tulibaki na motere na vishikilio vyake.

Mweka hazina alisema garaji ya Kindu huenda ina haki, lakini yeye hatoi 600 kwa motere ambayo hakuna aliyeipima. Tukakubaliana kumlipa fundi wa hapa Lokandu, yule anayetengeneza pikipiki na motere za mitumbwi, siku moja ya kazi. Kazi yake ilikuwa kutafuta tu, asitengeneze kitu mpaka atuambie ameona nini. Shemeji hakufurahi sana. Alisema mambo ya motere si ya mkutano wa wamama. Dada mmoja akamjibu kwa heshima kwamba sanduku nalo si la mkutano wa wababa. Tukaendelea.

Sasa niwaeleze motere inafanya nini, maana bila hilo mengine hayatasikika. Fikirieni wamama wanne wanaotwanga kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Hawashuki pamoja, wanapokezana. Kwenye motere ile zamu ni hivi: wa kwanza, wa tatu, wa nne, kisha wa pili, halafu inarudi kwa wa kwanza. Motere ikiwa imetulia na inazunguka mara 800 kwa dakika moja, michi ile inapiga mara 1,600 kwa dakika hiyo hiyo, kila mpigo ukiwa ni esanse inayolipuka ndani ya silinda. Mama mmoja akiacha kupiga, wengine wanaendelea, lakini zamu yake inabaki tupu na kinu kinayumba. Ndivyo silinda moja ikifa. Motere haizimiki, inachechemea. Ukiongeza mwendo michi inapiga upesi na pengo linasikika kidogo zaidi, lakini bado lipo, na esanse ya silinda ile inapotea bure.

Fundi alianza na hilo. Motere ikiwa inawaka, akavuta waya wa buji mmoja mmoja kwa koleo lenye mikono ya mpira, akiwa amekunja kitambaa kikavu, kwa sababu umeme ule unapiga vibaya na mtu asiyeuzoea asijaribu. Alipovuta wa kwanza, motere ikaanguka sauti. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hakuna kilichobadilika. Wa nne, ikaanguka tena. Silinda ya tatu ilikuwa imelala.

Hapo ndipo mtu wa garaji angesema: mnaona, imekufa. Fundi wetu hakusema hivyo. Alitoa buji, akatenga umeme kabisa, akaweka kidole gumba kwenye tundu na kumwambia shofere azungushe motere. Hewa ikamsukuma kidole kwa nguvu. Akafanya vile kwa silinda zote nne, nguvu ikawa karibu sawa. Kipimo cha kidole si kipimo cha mashini, mwenyewe alisema, lakini silinda iliyochakaa kweli haina pumzi ya kusukuma kidole hivyo. Basi kama pumzi ipo, kinachokosekana ni esanse au moto. Esanse ilikuwepo, maana buji ile ilitoka imelowa na inanuka. Moto ndio haukuwepo.

Akatuomba tungoje giza. Saa moja jioni, kapo ikiwa wazi, motere ikaguruma, na wote tukaona kimwali cha rangi ya buluu kikiruka kutoka kwenye waya wa tatu kwenda kwenye chuma. Mpira wa waya ulikuwa umepasuka. Moto uliokuwa uende kwenye buji ulikuwa unatorokea pembeni, na mchana hakuna ambaye angeuona. Watoto waliona ni sinema. Waya mwingine ulipatikana kwenye motere iliyotupwa, buji nne mpya zikanunuliwa, jumla dola 12.

Gari ikatulia nusu. Wengi walitaka kuimba na kwenda nyumbani. Lakini ikisimama bado ilikuwa inatetemeka, na ikiondoka bado inaruka. Motere ilikuwa inapiga michi yote minne sasa, kwa hiyo kulikuwa na kitu cha pili. Gari ya zamani ina tabia hiyo, maradhi mawili yanajificha chini ya alama moja, na anayeponyesha la kwanza anadhani amemaliza.

Hapa inaingia habari ambayo mwanzoni hatukuiweka pamoja na gari.

Kwenye Hilux ile, nafasi ya mbele karibu na shofere ni ya heshima. Tunawapa wenye mimba na wenye watoto wachanga, wengine tunapanda nyuma juu ya magunia, jua na vumbi ni vyetu. Kwa miezi miwili, waliokaa mbele walikuwa wanashuka Kindu wakiwa wanaumwa. Kichwa, kizunguzungu, kutapika. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi sita alishikiliwa mikono kushuka. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alilala njia nzima, ikawa vigumu kumwamsha. Tulisema ni malaria, tulisema ni barabara, tulisema ni mimba. Katika mkutano wa pili, dada aliyekuwa anaangalia kinyesi cha mtoto huyo kwa mashaka ya minyoo akauliza jambo jepesi: kwa nini sisi wa juu ya magunia, tunaorushwa zaidi, hatutapiki?

Nyumba nzima ilinyamaza.

Fundi alilala chini ya gari asubuhi yake, na alipotoka uso ulikuwa umebadilika. Niwapangie alichoona kama alivyotupangia yeye.

Motere haiwekwi kwenye gari chuma juu ya chuma. Hata motere nzima hutikisika kidogo, ndiyo asili yake, na kwa hiyo imekalia vipande vya mpira vilivyobanwa kati ya vyuma viwili. Mafundi wanaviita silenbloki. Kazi yao ni kumeza mtikisiko usifike kwenye mwili wa gari. Ya upande wa kulia ilikuwa imekatika kabisa, mpira umekuwa laini kama ubugali uliotiwa maji mengi. Kwa nini laini? Juu yake, kifuniko cha motere kilikuwa kinavuja mafuta, tone baada ya tone, na mafuta ya motere yanaula mpira. Upande wa kushoto, ambako hayakufika, mpira ulikuwa mzee lakini unashikilia.

Motere iliyokosa kishikilio upande mmoja inainuka kila shofere anapoachia ambreyaji, ndiyo ile mbuzi yetu. Na ikiinuka inavuta kila kilichofungwa kwake. Tiyo ya moshi imefungwa kwenye motere upande mmoja na kwenye mwili wa gari upande wa pili. Ilivutwa huku na huku mpaka ikapasuka, chini kabisa ya miguu ya abiria. Sakafu ya gari ina matundu ya kutu, na ile ngozi ya mpira kwenye mkono wa vitesi ilichanika zamani. Moshi ulikuwa unaingia ndani. Kwa sababu ya vumbi, vioo vilifungwa.

Wamama, ndani ya moshi wa motere kuna hewa moja inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa nzuri ambayo mwili unahitaji, inashikamana kwa nguvu kuliko hiyo hewa nzuri, na mtu anakosa pumzi huku akidhani anapumua. Anaanza na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi, na usingizi huo unaweza kuwa wa mwisho. Mtoto mdogo anaathirika upesi kuliko mkubwa. Aliye tumboni yuko hatarini hata kama mama yake anaonekana amepona. Nafasi tuliyoita ya heshima ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, na tuliwakalisha hapo wale ambao hawakupaswa kukaa hapo hata dakika tano.

Alama ya kuijua ni hii: wote waliomo ndani wanaumwa pamoja, hawana homa, na wakishuka kwenye hewa safi wanaanza kupata nafuu. Hata hivyo mtoto anayetapika kwetu apimwe malaria, hiyo haibadiliki. Aliyeshindwa kuamka au mwenye mimba apelekwe kituo cha afya mara moja, na mumwambie muuguzi kwamba alivuta moshi, maana asipoambiwa hawezi kukisia. Hewa hiyo hiyo inatoka kwenye gurupe ya umeme iliyowashwa ndani ya nyumba au barazani karibu na dirisha, na kwenye mbabula ya makala iliyoingizwa chumbani usiku wa mvua. Najua nimetoka kidogo kwenye gari, lakini sikuweza kulipita hilo.

Yule mama wa mimba alipelekwa kupimwa. Alijifungua salama mwezi wa kumi, mtoto wa kike. Mtoto mwingine pia anacheza vizuri.

Kutengeneza kulikuwa na mpangilio, na fundi alikataa kuuvunja. Kwanza tiyo ya moshi ichomelewe, na gari isibebe mtu ndani mpaka hapo. Kisha kizibo cha kifuniko cha motere kibadilishwe ili mafuta yaache kudondoka, kwa sababu silenbloki mpya chini ya mafuta yale yale ingeoza tena. Mwisho silenbloki yenyewe. Hiyo Lokandu haipo, Kindu walikosa, ikaagizwa Kisangani. Ilikuja kwa pikipiki mpaka Ubundu kwa sababu kati ya Kisangani na Ubundu mto una maporomoko na hakuna chombo kinachopita. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli pale, iliyomalizika mwaka 1906. Kutoka Ubundu ikapanda mto kwa mtumbwi hadi kwetu. Wiki tatu.

Wakati wa kungoja, fundi alikata vipande kutoka kwenye taya ya kamyo, akavipanga na kuvifunga kwa bulo mahali pa silenbloki. Mafundi wengi wanafanya hivyo na wengine wanaacha moja kwa moja. Inafaa kwa safari za karibu. Mpira wa taya ni mgumu, haumezi mtikisiko vizuri, na bulo zake zinataka kukazwa kila mara. Mtu akikuambia hiyo ndiyo dawa ya mwisho, muulize ataikaza nani.

Kuna kipimo kimoja cha silenbloki ambacho mama anaweza kukitazama kwa macho yake, akiwa amesimama pembeni, kamwe si mbele ya gari wala nyuma. Kapo iwe wazi, freni ya mkono ivutwe, shofere akanyage na freni ya mguu kwa nguvu, aingize kitesi cha kwanza na kuachia ambreyaji kidogo sana, kisha afanye hivyo kwa kitesi cha nyuma. Motere nzuri inajinyoosha kidogo na kurudi. Yetu iliinuka kama mtu anayetaka kusimama kitini.

Hesabu, kwa sababu mweka hazina atanisuta nikiiacha. Siku ya fundi dola 10. Buji na waya 12. Kuchomelea tiyo 8. Kizibo na mafuta 15. Silenbloki ya Kisangani pamoja na safari yake 35. Kufunga 10. Jumla dola 90, zikatoka kwenye sanduku kama mkopo, na shemeji amelipa zote kwa mizigo ya miezi miwili. Garaji ya Kindu sisemi ilitaka kutuibia. Motere yenye silinda iliyolala na kishikilio kilichokatika inasikika kweli kama motere inayokufa. Ila motere ya okazyo ingewekwa juu ya silenbloki ile ile iliyooza, na tiyo ile ile iliyopasuka, na wenye mimba wangeendelea kukaa mbele.

Agosti tuligawana kama ilivyopangwa. Kati ya watoto wa secondaire, sita waliingia siku ya kwanza. Wa saba alichelewa wiki moja kwa sababu ya viatu.

Hilux bado inatetemeka kidogo asubuhi, mpaka ipate joto. Sakafu imezibwa kwa bati, ngozi ya mkono wa vitesi ni ya mpira wa baiskeli, na kioo kimoja kinabaki wazi njia nzima hata vumbi likiwa jingi namna gani. Silenbloki ya kushoto ni ile ya zamani. Imeandikwa kwenye daftari la mweka hazina, ukurasa wa Januari, dola 35.